Anti, nichague shule au dansi? Majibu kwa wazazi, walimu na watoto wenyewe

Meseji za safari hii karibu zote zimegusa kitu kimoja, watoto wanaosoma huku wanafanya mazoezi ya dansi, wengine baleti, wengine hiphop, wengine ngoma na vikundi vya shoo. Wazazi wamegawanyika, kuna anayeona dansi inamharibia mtoto masomo na kuna anayeona shule inamchelewesha mtoto mwenye kipaji. Nimechagua sita, nimezifupisha kidogo. Niseme msimamo wangu mapema ili mtu asinisome nusunusu: mi dansi naipenda na nataka watoto wacheze, ila siku ya shule haiibiwi. Ikibidi kutumika inaombwa, wazi, na shule ikijua inatumika kwa ajili gani.

SWALI: Nimekuwa nikisema mtoto anaumwa

Anti habari za kazi. Nina binti wa miaka 11, anadansi tangu yuko mdogo na kwakweli anajua. Shida ni kwamba mashindano yakikaribia mwalimu wake wa dansi anataka waje mazoezini Ijumaa kuanzia asubuhi, na mi huwa napiga simu shule nasema mtoto anaumwa maana nikisema ukweli najua watakataa. Muhula huu imekuwa kama Ijumaa moja kila wiki mbili. Sasa juzi siku ya mtihani wa hesabu, wala hakukuwa na dansi siku hiyo, binti mwenyewe akaniambia "mama wapigie uwaambie naumwa". Niliishiwa maneno. Nifanyeje? – Mama wa mchezaji

JIBU: Pole mama mwenzangu, na nashukuru umelisema kama lilivyo.

Tuanze na hesabu maana hapo ndo wazazi wengi tunajidanganya, tunaona "Ijumaa moja tu". Shule ni siku 5 kwa wiki, wiki mbili ni siku 10, ukitoa moja umeshatoa asilimia 10 ya masomo yake. Uingereza kwa mfano mtoto akikosa asilimia 10 ya vipindi au zaidi anahesabiwa miongoni mwa wanaokosa shule kupita kiasi, na hawaangalii kama aliomba ruhusa au hakuomba, wanaangalia tu alikuwepo au hakuwepo. Mwaka wao wa shule una siku 190, kwa hiyo siku 19 zinatosha kukufikisha huko. Nakutajia hii sio kukutisha, ni uone kwamba kiasi unachokiona kidogo kuna watu wanaoshughulika na mahudhurio ya watoto kila siku wanakiona kikubwa.

Alafu kuna jambo la pili ambalo halionekani kwenye rejista. Siku anayokosa ni ileile kila mara. Ratiba ya shule haibadiliki, kwa hiyo kama Ijumaa kuna vipindi viwili vya hesabu na kimoja cha sayansi basi binti hakosi "kidogo kidogo kila somo", anakosa hesabu na sayansi, hizohizo, mfululizo. Kitu kilichoanzishwa Ijumaa ticha anakiendeleza Jumatatu, na mtoto anakaa pale anaona wenzake wanaelewa yeye haelewi, wala hajui kwamba sababu ni kutokuwepo, anaamini sababu ni akili yake. Sishangai kabisa kwamba mtihani alioukimbia ni wa hesabu. Kaangalie daftari lake la hesabu leo, angalia tarehe, utaona mapengo yako wapi.

La tatu ndo linaloniuma zaidi. Binti amecheza mashindano, pengine amerudi na medali, na hawezi kuipeleka shule. Hawezi kumwonyesha mwalimu wake wa darasa, hawezi kusimulia kwa wenzake, maana siku ile alikuwa "mgonjwa". Furaha yake kubwa kuliko zote imegeuka kitu cha kuficha. Na siku akiumwa kweli, nani atamwamini?

Sasa ufanye nini. Kwanza ongea na binti kabla ya kuongea na mtu mwingine yeyote, mwambie kwa maneno mafupi kwamba ulisema kisicho kweli, sio yeye, na umeacha. Usimpe hotuba, ana miaka 11 anaelewa. Pili nenda kwa mwalimu wa dansi, mwombe ratiba ya muhula mzima kwa maandishi, tarehe za mashindano, tarehe za shoo, mazoezi ya ziada, yote. Mwalimu makini anayo. Kama anapanga kila kitu wiki hiyohiyo basi mwambie kwa heshima kwamba mtoto wako atapatikana baada ya masaa ya shule na wikendi, na siku ya shule utaitoa kwa shindano lenyewe tu, sio kwa mazoezi. Hapo usilegee. Mazoezi yanaweza kuhamishwa, shindano lenyewe ndo lina tarehe yake.

Tatu andika barua shuleni, tena mapema, sio usiku wa kuamkia siku yenyewe. Iwe fupi: mtoto wangu anafanya dansi, tarehe fulani ana shindano, naomba ruhusa ya siku hiyo moja, nitahakikisha anafidia kazi za siku hiyo, naomba kujua zitakuwa zipi. Unaweza kukataliwa, ndiyo, na ukikataliwa utii, lakini nakuhakikishia walimu wakuu wengi wanapokea tofauti kabisa barua inayosema ukweli na yenye tarehe moja kuliko simu ya asubuhi ya mtoto kuumwa kila Ijumaa, maana usidhani hawajagundua.

Na ujue hili la watoto kucheza jukwaani hata sheria za kazi zinalitambua. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaohusu umri wa chini wa kufanya kazi, unaziachia nchi nafasi ya kuruhusu watoto kushiriki maonyesho ya sanaa, ila kwa kibali cha mtoto mmoja mmoja, na kibali hicho lazima kiweke mipaka ya masaa na mazingira. Uingereza ili mtoto apewe leseni ya kucheza kwenye shoo lazima mamlaka ya eneo lake iridhike kwamba elimu yake haitaumia. Kwa hiyo kuuliza shule kwanza ni utaratibu wa kawaida, usione aibu.

SWALI: Nilimtoa dansi mpaka maksi zipande, sasa shule nayo haendi

Anti mimi ni baba wa kijana wa miaka 13. Alikuwa kwenye kikundi cha hiphop, maksi zikashuka nikamwambia dansi basi mpaka ripoti ijayo. Nilidhani atakaza. Badala yake amekuwa mkimya, anashinda chumbani na wiki iliyopita nimepigiwa simu na mwalimu wa darasa kwamba ametoroka vipindi vya mchana mara kadhaa. Mke wangu anasema nimrudishe, mimi naona nikimrudisha atajua ameshinda. Na kusema ukweli sikuwahi kuipenda sana hii dansi kwa mtoto wa kiume. – Baba mwenye msimamo

JIBU: Baba, mwache mkeo ashinde hili, mrudishe kijana.

Nielewe vizuri, sisemi mtoto afanye anachotaka. Nasema adhabu uliyochagua imeondoa kitu pekee ambacho kilikuwa kinampangia siku yake. Fikiria kijana wa miaka 13 ana mahali pa kuwa saa fulani, kuna wenzake wanamsubiri, kuna mtu mzima anayemwambia rudia, na yeye anarudia mara ishirini bila kulalamika. Umeondoa hiyo, muda ule wa jioni umebaki mtupu, ukajazwa na simu na mawazo. Dansi haikuwa zawadi ya kupewa na kunyang'anywa, ilikuwa sehemu ya kumlea. Hatumnyimi mtoto kusoma vitabu kwa sababu amefeli michezo, na kinyume chake hakina mantiki zaidi.

Ambacho hukukifanya baba, na bado unaweza, ni kuuliza maksi zilishuka kwa nini. Miaka 13 mambo ni mengi sana kwenye mwili wa mvulana. Wengi wanaanza kurefuka kwa kasi umri huu, wanachoka, wanasinzia, magoti yanauma. Anza na usingizi. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2016: watoto wa miaka 6 mpaka 12 walale masaa 9 mpaka 12, wa miaka 13 mpaka 18 masaa 8 mpaka 10, ndani ya kila masaa 24. Sasa hesabu ya nyumbani kwako: mazoezi yalikuwa yanaisha saa ngapi, anafika saa ngapi, anaoga, anakula, homuweki inaanza saa ngapi, simu inazimwa saa ngapi, anaamka saa ngapi. Iandike kwenye karatasi. Mara nyingi ukiiandika utaona dansi yenyewe haina kosa, kosa liko kwenye masaa mawili matatu ya usiku ambayo hakuna anayeyasimamia, au kwenye usafiri, au mazoezi ya siku tano ambayo yangetosha siku tatu. Na muulize mwalimu maksi zimeshuka kwenye masomo gani. Zikishuka somo moja ni jambo la somo hilo, zikishuka yote kwa mpigo kuna kitu kingine kinaendelea na lazima ukijue.

Kuhusu "atajua ameshinda". Kaa naye, wewe na yeye, na umwambie unamrudisha kwa sababu umeona uamuzi haukusaidia, na kwamba utoro hauna mjadala, vipindi vyote vya mchana awepo. Mpe makubaliano anayoweza kuyashika: homuweki kabla ya mazoezi na sio baada, simu inalala sebuleni, mazoezi siku ambazo mmekubaliana, na kila wiki mbili mnaangalia pamoja inaendaje. Msikilize naye anasema nini. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, kifungu cha 12 kinasema mtoto anayeweza kuwa na maoni yake asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu kulingana na umri na ukomavu wake. Mkataba huohuo kifungu cha 28 kinampa haki ya elimu na cha 31 haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki sanaa. Vyote viko kwenye karatasi moja, hakuna kilichoandikwa kwamba kimoja ni mshahara wa kingine.

Na hilo la mtoto wa kiume. Baba, kijana wako anajua hupendi. Hujamwambia labda lakini anajua. Nenda siku moja ukakae ukutani uangalie mazoezi kuanzia kupasha mwili moto mpaka mwisho, utaona wanavyoanguka na kuinuka, wanavyohesabu, wanavyobeba uzito wa miili yao kwa mkono mmoja. Dansi ya breki (breaking) ya wacheza hiphop iliingia hadi Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Lakini hata isingeingia popote, uwepo wako pale ukutani kwa saa moja utamfanyia kijana kitu ambacho ripoti ya shule haiwezi.

Ukimya wake ukiendelea hata baada ya kumrudisha, ukiona halali, hali vizuri, anaongea maneno ya kukata tamaa, usisubiri ripoti, mpeleke kwa mtaalamu wa afya.

SWALI: Nataka niache shule nidansi tu

Shikamoo anti. Mimi ni msichana wa miaka 15. Nafanya baleti na dansi ya kisasa na mwalimu wangu anasema nina kipaji kikubwa na shule inanirudisha nyuma, anasema wachezaji wakubwa wote walianza mapema na mimi nimeshachelewa. Amesema nikiacha shule atanifundisha kutwa nzima lakini nisiwaambie wazazi kwanza mpaka mambo yakae sawa. Nina uhakika dansi ndo maisha yangu. Nishauri. – Nimeamua (karibu)

JIBU: Marahaba binti yangu. Nitajibu mambo mawili, naanza na la mwisho kwa sababu ndo la haraka.

Mtu mzima yeyote anayekwambia ufanye jambo kubwa la maisha yako na uwafiche wazazi, usimfuate. Hata kama ni mwalimu mzuri, hata kama anakupenda kama mwanae. Waambie wazazi leo maneno hayohayo uliyoniandikia mimi. Kama kuna sababu inayokufanya uogope kuwaambia, mwambie shangazi, mwalimu wa shule, daktari, mtu mzima unayemwamini nje ya studio hiyo. Na ukae mbali na mazoezi ya peke yenu wawili mpaka wazazi wajue. Wewe hujakosea chochote, umefanya vizuri kuuliza.

Sasa la pili. Sio kweli kwamba wakubwa waliacha shule ili wafike. Angalia wenyewe walioshika hii kazi kwa karne nyingi. Shule ya dansi ya Opera ya Paris ilianzishwa mwaka 1713, ipo mpaka leo, tangu 1987 iko Nanterre, na watoto pale asubuhi wanakaa darasani wanasoma masomo ya kawaida, mchana ndo wanadansi. Hiyo ni shule ambayo inalisha moja ya makampuni makubwa ya baleti duniani, wana kila sababu ya kuwachezesha watoto kutwa, na hawafanyi hivo. Akademia ya Vaganova ya St. Petersburg, iliyoanza mwaka 1738, nayo inafundisha masomo ya shule pamoja na dansi. White Lodge, shule ya wadogo ya Royal Ballet School huko London, hivohivo. Watu hawa wanajua kutengeneza wachezaji na wote wameona mchezaji anahitaji darasa.

Kuchelewa nako. Misty Copeland alianza baleti akiwa na miaka 13, umri ambao wengi wangemwambia basi, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupanda hadi daraja la juu kabisa la wachezaji wa American Ballet Theatre, kampuni kubwa ya baleti ya Marekani. Wewe una miaka 15 na umeshaanza zamani.

Nakuomba ufikirie pia mwili. Mchezaji anaishi kwa kifundo cha mguu, goti, nyonga na mgongo, na kimojawapo kikiteguka vibaya ukiwa na miaka 17 msimu mzima unapotea, wakati mwingine zaidi. Na hata kama hakuna kinachoteguka, Opera ya Paris wachezaji wake wanastaafu wakiwa na miaka 42. Watu wa fani nyingine miaka hiyo ndo wako katikati ya safari. Baada ya hapo utakuwa mwalimu, mtunzi wa dansi, mtaalamu wa viungo, msimamizi wa jukwaa, mwandishi, sijui, lakini karibu kila mlango huo una mtu anauliza umesoma mpaka wapi.

Alafu hata kabla ya kustaafu. Utapewa mkataba wenye kurasa nane, nani atakusomea? Utaitwa kwenye majaribio nchi nyingine, utaongea lugha gani? Baiolojia unayoiona inakuchosha ndo inayokueleza kwa nini misuli inakakamaa. Usiidharau.

Kwa hiyo ushauri wangu: baki shule, ukiwa na wazazi mtafute mwalimu mwingine au studio yenye walimu zaidi ya mmoja na mlango ulio wazi kwa wazazi, ulizia shule zinazounganisha masomo na dansi, na kama uko tayari kweli angalia mashindano ya umri wako. Prix de Lausanne kule Uswisi yapo tangu 1973, ni ya wachezaji vijana wa miaka 15 mpaka 18, na wanaangalia pia afya ya mshiriki, sio stepu peke yake. Jipime huko ukiwa bado mwanafunzi.

SWALI: Mimi ndo mwalimu wa dansi, na wanafunzi wananikimbia kipindi cha mitihani

Anti, mbona mnatusema sisi tu. Mimi nafundisha watoto wa miaka 8 mpaka 14. Mitihani ikianza nusu ya kundi inapotea bila taarifa, narudi naanza upya, na waliobaki wanakasirika maana dansi ya kundi huwezi kufanya bila watu. Nimeanza kuwatoa kwenye shoo wanaokosa. Wazazi wananilaumu. – Mwalimu wa studio

JIBU: Mwalimu una haki ya kulalamika. Mzazi anayemwamsha mtoto kila siku aende shule, huyohuyo anamwacha alale Jumamosi ya mazoezi bila hata meseji moja, na mtoto anajifunza kwamba kuna mahali watu wanakusubiri na kuna mahali unaweza kuwaacha wasubiri. Ni makosa, na wazazi mnaosoma hapa tumeni taarifa, inachukua nusu dakika.

Lakini mwalimu nawe unajua mitihani iko lini. Inajulikana mwanzoni mwa muhula. Usipange dansi mpya wiki hizo wala usipange shoo wiki inayofuata. Punguza siku, fanya kipindi kimoja kifupi cha kunyoosha viungo na kurudia stepu zinazojulikana, na anayekuja atoke mapema. Watoto wengi wakati wa mitihani wanahitaji kutingisha mwili kuliko wanavyohitaji kukaa tena, kwa hiyo mlango usiufunge, ufungue kidogo. Kila nafasi kwenye dansi ya kundi iwe na watoto wawili wanaoijua, hata kama anayesimama mbele siku ya shoo ni mmoja. Rekodi video ya mazoezi ukiwa na ruhusa ya wazazi, itumwe kwa wazazi tu.

Kumtoa mtoto kwenye shoo iwe kwa utaratibu ulioandikwa na kusainiwa mwanzoni, sio kwa hasira siku tatu kabla. Na kamwe usimtoe aliyekosa kwa sababu ya mtihani aliokupa taarifa, wala aliyekosa kwa sababu ameumia. Ukifanya hivo wataanza kuja wakiwa wameumia na kukuficha, na hilo ndo litakaloharibu studio yako.

Pia shika rejista kama ya shule. Ukiona mtoto yuko kwako mchana wa siku ya shule, muulize mzazi.

SWALI: Miaka 7, masaa mangapi?

Anti swali fupi. Binti yangu ana miaka 7, yuko madarasa manne kwa wiki na sasa wanataka na Jumamosi na Jumapili. Anasinzia darasani. Ni sawa? – Mama mdogo

JIBU: Hapana mama. Kusinzia darasani ni jibu tosha.

Kuna kipimo ambacho wataalamu wa michezo ya watoto wanakitumia sana, masaa ya mazoezi rasmi kwa wiki yasizidi umri wa mtoto, kwa hiyo wa miaka 7 yasizidi masaa 7, na wanashauri angalau siku moja ya mapumziko kamili kila wiki, na vipindi vya kupumzika ndani ya mwaka. Huo ni ukomo wa juu, sio lengo la kufikia. Kwa umri wake mi ningebaki na madarasa mawili, matatu kama anayaomba mwenyewe, na Jumapili alale, acheze na wenzake michezo isiyo na mwalimu.

Na wasikuharakishe na viatu vya baleti vya kusimamia ncha za vidole. Kawaida mtoto havai hivyo kabla ya miaka 11 au 12 na baada ya kufanya mazoezi ya kutosha kwa miaka kadhaa, mifupa ya miguu bado inakua. Mtu akikwambia mtoto wa miaka 7 yuko tayari, badilisha studio.

SWALI: Dansi anakimbilia, shule anaumwa tumbo

Anti, mwanangu wa kiume ana miaka 9. Asubuhi za shule analia tumbo, wakati mwingine anatapika kabisa, nikimwacha nyumbani saa nne ameshapona. Siku za dansi hata akiwa na mafua anataka kwenda. Kila mtu ananiambia ni ujanja, mzuie dansi atanyooka. Naogopa kumzuia na naogopa kuendelea kumwacha nyumbani. – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Mama, tumbo la mwanao linauma kweli. Hofu inaumiza tumbo la mtoto kama vile chakula kibaya kinavyoliumiza, asubuhi hasa, na hofu ikiondoka maumivu yanaondoka. Hiyo saa nne ameona hatarudishwa tena leo, tumbo limetulia. Wanaoita ujanja wanamkosea. Hata hivyo daktari amwone kwanza, tuondoe ugonjwa wa kawaida.

Kisha itumie dansi ikuonyeshe njia, usiizuie. Jiulize dansi kuna nini ambacho shule hakuna. Dansi hakuna kusoma kwa sauti mbele ya watu, je kusoma kunampa shida? Watoto wengi wenye shida ya kusoma wanaumwa tumbo miaka yote na hakuna anayewapima. Dansi pengine kuna rafiki mmoja, shule ana nani? Dansi chooni anaenda bila kuomba, shule je, vyoo vikoje, nani anamsubiri huko? Njiani kuna nini, na darasani anakaa na nani? Na je kuna anayemcheka kwa sababu anadansi? Hili la mwisho ulize taratibu sana, watoto wa kiume wanaodansi wanachekwa mno na wengi hawasemi nyumbani wakihofia mzazi atasema basi acha dansi. Mhakikishie kabla hujauliza kwamba jibu lolote atakalotoa, dansi haitoki.

Usimuulize asubuhi, asubuhi tumbo ndo linaongea. Muulize mkitoka mazoezini, mkiwa mnatembea au kwenye gari, hamtazamani usoni, mwili wake umechoka vizuri na moyo umefunguka. Usianze na "kwa nini hutaki shule". Anza na "ukifika getini kitu cha kwanza unaona nini", alafu nyamaza, mpe muda.

Wakati unatafuta sababu asizoee kukaa nyumbani, kila siku anayobaki inafanya ya kesho iwe ngumu zaidi. Zungumza na mwalimu wa darasa mpange apokelewe getini na mtu mmoja anayemjua, aanze hata na nusu siku kwa wiki ya kwanza kama shule itakubali, kisha iongezwe. Siku akibaki kwa tumbo, iwe siku ya kuumwa kweli, kitandani, bila katuni wala simu, ila bila kumsema. Na jioni ya siku hiyo kama kuna dansi? Wengi wangekataza moja kwa moja. Mi naona akiwa ametapika apumzike kama mgonjwa mwingine yeyote, lakini kama aliingia shuleni hata kwa masaa mawili, mpeleke dansi, amefanya kazi kubwa siku hiyo.

Ukigundua ni kuonewa, andika kilichotokea, lini, nani alikuwepo, upeleke kwa mwalimu mkuu kwa maandishi na uombe kujua watafanya nini na lini. Ukigundua ni kusoma, omba apimwe, na mwambie mwalimu wa dansi naye, anaweza kukwambia anavyojifunza akiwa kwake, na hiyo taarifa mwalimu wa shule anaihitaji. Wakutanishe hao wawili hata kwa simu. Niandikie ukishaongea nao.